Mshono Usiosikika

Kazi ya mtu huyu ilikuwa kusikia kabla ya wengine. Sekunde saba kabla, si zaidi. Msikilizaji akipiga simu kwenye kipindi cha asubuhi, sauti yake ilifika kwanza kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha la nje, masikioni mwa bwana huyu, ikazungushwa ndani ya mtambo kwa sekunde saba, ndipo ikatoka hewani. Katika hizo sekunde saba yeye ndiye aliyekuwa mlango. Akisikia neno baya linakuja, anabonyeza kitufe chekundu, na wasikilizaji wanaletewa tangazo mahali pa neno lile.

Neno baya usidhani ni matusi. Matusi kila mtu anayo nyumbani kwake na hayajawahi kumwangusha mkubwa yeyote. Neno baya lilikuwa lile lililoandikwa kwenye orodha iliyoletwa kila Jumatatu na dereva wa Mamlaka inayosimamia utangazaji, ndani ya bahasha ya kaki, ikapokewa kwa sahihi na kubandikwa ukutani juu ya mtambo. Wiki moja lilikatazwa neno foleni. Wiki nyingine likakatazwa giza, kwa kuwa umeme, kiofisi, ulikuwa haukatiki. Hakuna aliyeuliza kwa nini, maana kuuliza nako kungeweza kuingia orodhani. Mwaka juzi redio ilifungwa siku kumi na moja kwa sababu mpigaji mmoja alitaja barabara na mkandarasi katika sentensi moja, na tangu hapo meneja alikuwa mtu wa vidonge vya presha asubuhi na jioni.

Aliyemtangulia kwenye kile kiti alikuwa mkataji wa hovyo. Mpigaji yuko katikati ya neno, mara ngoma za tangazo zinalia. Mjinga gani asingejua kwamba mwenzake amezibwa mdomo? Hata Mamlaka wenyewe waliandika barua kulalamika kwamba ule mlio wa kukata unawafanya watu wajiulize. Bwana wetu alipokabidhiwa kiti akaleta ufundi. Hakubonyeza papo hapo. Sekunde saba ni nyingi kwa anayejua kuzitumia, kwa hiyo aliyaacha maneno salama yatoke, akangoja pale mpigaji alipovuta pumzi, akakata kwenye pumzi. Matangazo ya kuzibia aliyavua zile ngoma za mwanzo, akayachuja yasikike kama yanatoka kwenye simu, na kwa kila jambo lililokuwa orodhani akaweka tangazo la sauti ya kiume na jingine la sauti ya kike. Watu walisikiliza mpaka mwisho bila kujua kwamba aliyeanza kusema siye aliyemaliza. Pale kazini wakamwita Cherehani, kwa kuwa mshono wake hauonekani, na yeye jina lile alilipenda. Nisimfiche: alijivuna nalo.

Nyumbani hakuwa Cherehani. Aliishi na mama yake, mjane wa miaka sabini na kitu, ambaye simu hakuitaka na runinga aliiita kelele yenye picha. Yeye na redio tu. Ilikaa kwenye dirisha la jikoni, imefungwa mpira mahali kifuniko cha betri kilipopotea, na ilisema tangu alfajiri. Miaka kumi na miwili nyuma, mwanawe alipopata kazi, alimuuliza, "Unafanya nini hasa huko ndani, mwanangu?" Naye akajibu, "Nawaunganishia watu simu, mama, wapate kusema." Likabaki hivyo. Mama akaenda nalo kwa majirani, kwamba akina fulani wana watoto mabosi na akina fulani wana watoto wafanyabiashara, lakini wa kwake yeye ndiye anayewapa watu nafasi ya kusema.

Mtoto mwingine wa mama huyo, ambaye kwa kuzaliwa ni wa kwanza, alikuwa dada yake Cherehani, muuguzi wa zahanati ya ng'ambo ya reli. Kazi ya mdogo wake aliijua vizuri. Waliwahi kugombana juu yake mara moja, wakapatana kwamba mbele ya mama haitajwi. Mtaa mzima ulimjua dada huyu. Nusu yao alikuwa amewachoma sindano, na nusu nyingine amewazalisha.

Jumatatu moja bahasha ya kaki ilikuja na orodha nene kuliko kawaida. Maji. Bomba. Tangi jipya. Kuhara. Kipindupindu. Chini kabisa, kwa kalamu ya mkono, mtu alikuwa ameongeza: na mengine ya jinsi hiyo. Wiki mbili kabla yake mkubwa alikuwa amezindua tangi jipya la maji na kupigwa picha akinywa glasi nzima. Pamoja na orodha zilikuja kanda za matangazo. Cherehani akaketi nazo mchana kutwa, akavua ngoma, akachuja sauti. Lile la kike lilisomwa na mwigizaji mwenye sauti ya utu uzima, iliyotulia, ya mama wa watu. Alipomaliza alilisikiliza mara mbili akaridhika.

Jumanne, saa tatu na robo asubuhi, mtangazaji wa kipindi, ambaye kwa ulaini wa sauti watu walimwita Asali, alisema, "Karibu mpigaji wetu, uko hewani."

"Asante. Mimi ni muuguzi wa zahanati ya ng'ambo ya reli. Wengi mnanijua, nimewachoma sindano nyinyi na watoto wenu."

Cherehani alimjua tangu lile asante.

"Muuguzi, mimi sindano naziogopa," Asali akatania.

"Leo sina sindano. Nimepiga kuwaambia wazazi kuhusu maji ya bomba." Akavuta pumzi. "Msiyanywe bila kuchemsha. Tangu Ijumaa nimepokea watoto thelathini na wanne wa kuhara, na wawili kati yao..."

Pale ndipo sekunde saba zilipoanza kuhesabu. Wasikilizaji walikuwa bado wanamsikia akitania na Asali. Cherehani peke yake, katika mji wote, alijua kinachofuata, na alikuwa na muda wa kufikiri kiasi cha mtu kufunga kamba za kiatu. Alifikiri redio itafungwa. Alifikiri dada yake atafukuzwa kazi kabla ya saa sita, na pengine kufukuzwa ndiyo itakuwa nafuu. Alifikiri, namwokoa. Mtu aliyezoea kazi yake hakosi sababu ya kuifanya. Lakini ukweli aliokuja kuujua baadaye, akiwa hana la kufanya nao, ni kwamba wakati kichwa kinatafuta sababu, kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe kikingoja pumzi.

Pumzi ikaja. Akabonyeza.

"...kuwaambia wazazi kuhusu maji ya bomba," redio zote zikasema, kisha, kwenye simu ile ile, kwa utulivu ule ule: "Maji ya bomba ni safi na salama. Mimi nayanywa, na wanangu nawapa. Tusitishane kwa maneno ya mitaani. Fungua bomba, kinga, kunywa."

Asali, ambaye mpigaji akishaanza kueleza husikiliza kile kinachotoka hewani, akasema, "Ahsante sana muuguzi wetu, hayo ndiyo maneno ya mtaalamu." Halafu akageuka, akamwinulia Cherehani dole gumba nyuma ya kioo. Mshono ulikuwa mzuri kuliko yote aliyowahi kushona.

Saa sita simu yake ya mkononi ikalia.

"Umenikata," dada yake akasema. Nyuma yake watoto walikuwa wanalia.

"Nimekuokoa, dada."

"Kukatwa nilitarajia. Nilijua utanikata, nikasema hata nikipita na nusu ya neno watu watashtuka. Lakini huyu mwanamke mwingine ni nani? Watu wanakuja hapa wananishukuru. Mama mmoja kaniambia amemwaga maji aliyochemsha, akakinga mapya, kwa sababu nimesema mimi. Umefanya nini?"

Cherehani kwa kweli hakuwa amelifikiria hilo. Miaka yote alishona ili mshono usionekane, na hata siku moja hakujiuliza nguo yenyewe itakuwa ya namna gani baada ya kushonwa.

"Sahihisheni," dada akasema. "Leo. Semeni ile sauti haikuwa yangu."

"Nitaongea na meneja."

"Na mama? Nilimwambia Jumapili achemshe. Mimi siwezi kutoka hapa, nalala kwenye benchi. Utamwambia?"

"Nitamwambia."

"Mwambie kama ilivyo. Usimzungushe."

"Nimesema nitamwambia, dada."

Meneja alimsikiliza akiwa amesimama, akajifuta shingo. "Tusahihishe tuseme nini?" akauliza. "Tuseme yule aliyesema maji ni salama siye? Hapo tumetaja maji. Tuseme kuna mpigaji alikatwa? Hapo tumesema tunakata. Kusahihisha ni kutaja, ndugu yangu, na kutaja ni kufungwa. Kuna watu arobaini humu ndani wanaokula kwa hii redio." Akamshika bega kwa upole. "Halafu kazi yenyewe ulivyoifanya, hata mimi nilidhani ni yeye."

Alifika nyumbani jua bado lipo. Mama alikuwa jikoni, uso umechangamka kuliko siku nyingi. Jiko la mkaa alikuwa amelizima na sufuria kubwa ya kuchemshia ameigeuza juu chini ikauke.

"Umemsikia dada yako?" akasema. "Au huko ndani hamsikilizi? Kaongea huyo! Jirani yangu kaja mbio kuniambia, namwambia kaa chini, nimemsikia, yule si mwanangu? Jumapili alinitisha, kumbe wamepima wameona ni mazuri." Akakinga kikombe bombani, akampa. "Na aliyemuunganisha ni wewe. Watoto wangu wawili kwa siku moja."

Cherehani akashika kikombe. Huu ndio ulikuwa wakati wenyewe. Mimi ninayesimulia nimeurudia wakati huu mara nyingi, na kila mara naona ulikuwa mwepesi: maneno manne tu, mama, nilimkata, si yeye. Angekasirika. Angelia labda. Angejua kwamba mwanawe kwa miaka kumi na miwili alikuwa anawanyima watu kile kile alichosifiwa kuwapa. Ni hilo tu. Lakini aibu, kwa mtu ambaye hajaizoea, ni nzito kuliko gunia la saruji, na bwana huyu hakuwahi kubeba chochote mbele ya mama yake.

"Tuendelee kuchemsha tu, mama," akasema.

"Kwa nini?"

"Basi tu. Tahadhari."

"Basi tu si sababu. Kati yako na dada yako, muuguzi ni nani?"

Cherehani akacheka, eti. Mama alipogeuka, akamwaga kile kikombe kwenye karo. Kesho yake asubuhi kabla ya kwenda kazini alichemsha maji mwenyewe, akayajaza kwenye dumu la buluu, akaliweka mezani na kusema, "Unywe haya, mama." Mama akaitikia vizuri. Akafanya hivyo Jumatano, akafanya Alhamisi. Kila jioni alipima dumu kwa macho, likawa limepungua kidogo, akajiambia mambo yako sawa, Jumamosi nikiwa nyumbani nitamkalisha nimweleze vizuri. Hakujua kwamba maji ya lile dumu mama alikuwa anayafulia vitambaa vya jikoni. Yalikuwa na harufu ya moshi, na bomba lilikuwa pale pale, na mtoto wake mwenyewe alikuwa amesema.

Ijumaa alipotoka kazini alimkuta jirani mlangoni, mama mtu mzima kama mama yake, amejishika tumbo. "Muwahi mwenzangu huko ndani," akasema. "Na mimi mwenyewe naelekea zahanati."

Zahanati ilikuwa imejaa mpaka uani. Watu walilala kwenye mikeka, kwenye makaratasi, kwenye vivuli vya kuta, dripu zimening'inizwa kwenye misumari na kwenye kamba ya kuanikia nguo. Kila aliyeweza kusema alisema ni chakula, ni upepo, ni mafua ya tumbo. Hakuna aliyesema maji. Dada alimwona mama yao amebebwa mgongoni na mdogo wake, akaacha alichokuwa anafanya.

Walimpa kitanda kwa sababu ni mama wa muuguzi, na dada akaona haya kwa hilo. Ngozi ya mkono wa mama ukiifinya ilibaki imesimama. Macho yalikuwa yameingia ndani. Akatafutwa mshipa, ukakosekana, ukatafutwa tena.

"Mama, si nilikuambia uchemshe?" dada akasema, akiwa ameinamia mkono ule. "Nilikuambia Jumapili."

"Ukabadilisha," mama akasema. Sauti ilikuwa imekauka. "Jumanne ulisema mwenyewe redioni. Nikamwambia jirani, mwanangu hawezi kutudanganya."

Dada akanyanyua uso taratibu, akamtazama mdogo wake aliyesimama miguuni mwa kitanda.

"Hukumwambia."

"Nilimchemshia. Kila siku. Nilimwekea mezani."

"Sikukuuliza ulimwekea nini."

"Usimgombeze mdogo wako," mama akasema. "Yeye kosa lake nini? Yeye anawaunganishia watu tu."

Hayo hayakuwa maneno yake ya mwisho. Ya mwisho aliuliza kama redio imezimwa, maana betri zitaisha. Alikufa Jumamosi saa nne asubuhi, siku ambayo Cherehani alikuwa amepanga kumkalisha na kumweleza.

Wakamzika Jumapili. Watu walikuwa wachache, si kwa sababu hakupendwa, ila siku ile ile walizikwa wengine saba. Tangazo la kifo lilipelekwa redioni, na likarudi likiwa limenyooshwa: ameugua kwa muda mfupi. Waliokuja kuzika walilirudia vile vile. Ameugua kwa muda mfupi, mzee wetu, ndiyo umri huo. Mwanamke mmoja alimkumbatia dada akamwambia, "Afadhali angalau si yale maji waliyokuwa wanayasingizia. Wewe ulitutoa wasiwasi."

Dada hakulia makaburini. Walipobaki wawili jikoni kwa mama, redio ikiwa imezimwa kwa mara ya kwanza, akasema, "Jumatano nitapiga tena."

"Dada."

"Sitaki uniombe msamaha. Siuwezi sasa hivi, labda sitauweza kamwe. Nataka kitu kimoja tu. Nikipiga, toa mkono."

"Nitatoa."

"Jumanne nayo uliniahidi."

"Nitatoa, dada. Nisipotoa, nikatwe huu mkono."

Jumatano saa tatu na robo, taa ya simu ikawaka, akamuunganisha. Asali alipoisikia sauti, macho yalimtoka nyuma ya kioo. Cherehani akaiondoa mikono yake kwenye meza, akaikalia. Kidole kilitaka kwenda, na nasema hivi bila kumsingizia, kidole kilijipindapinda kutafuta kitufe kilichokuwa hakipo.

"Mimi ni muuguzi wa zahanati ya ng'ambo ya reli," dada akasema. "Wiki iliyopita mlisikia sauti ikisema maji ya bomba ni salama. Haikuwa sauti yangu. Nilikatwa, wakaweka sauti nyingine. Maji yana kipindupindu. Mama yangu mzazi amekunywa maji yale kwa sababu alidhani nimemwambia mimi, na Jumapili nimemzika. Watoto waliokufa mpaka leo asubuhi ni tisa. Chemsheni. Nawaomba. Kama mliwahi kuniamini, chemsheni." Mwishoni ikawa ni kilio, na simu ikakatwa na yeye mwenyewe.

Yote yakatoka. Sekunde saba baadaye, neno kwa neno, pamoja na kile kilio. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili Cherehani alikuwa amemuunganisha mtu akasema. Mlangoni zikasikika hatua za meneja akija mbio, na kabla hajafika, taa za simu zikawaka zote kwa pamoja.

Asali, kwa mkono wa mazoea, akafungua ya kwanza.

"Kwanza tumpe pole muuguzi wetu," akasema mzee mmoja, kwa huruma ya kweli. "Kufiwa na mama si mchezo. Lakini tumwambie apumzike. Msiba umemchanganya. Sisi wiki iliyopita tulimsikia kwa masikio yetu, akiwa na akili yake timamu."

Ya pili ilikuwa ya mwanamke. "Hata sauti yenyewe unasikia, ya leo inalia, ya siku ile imetulia. Mimi namfuata yule aliyetulia."

"Na anasema alikatwa," akasema wa tatu. "Alikatwa wapi? Mimi nilikuwa nasikiliza mwanzo mpaka mwisho. Mtu akikatwa si tunasikia?"

Wa nne alisema wamwombee. Wa tano alijitolea kwenda kumwona.

Meneja alikuwa ameingia, jasho linamtiririka, mkono umenyooshwa kuelekea kitufe. Akasimama hapo akisikiliza. Wa sita. Wa saba. Polepole mkono wake ukashuka, na pumzi ikamrudi.

"Waache," akasema. "Usikate. Waache waendelee."

Redio haikufungwa. Kabla ya saa tano Mamlaka walipiga kuwapongeza wasikilizaji kwa ukomavu wao. Cherehani alimwambia meneja atoe kanda ya Jumanne, watu wasikie alichosema dada yake kabla ya kukatwa, na meneja akamtazama kama mtu anayemweleza mtoto. Sheria inataka kihifadhiwe kilichotoka hewani, siku tisini. Kilichokatwa hakihifadhiwi, na Cherehani ndiye aliyejua hilo kuliko wote, maana kila siku jioni ndiye aliyekuwa anafuta. Kilichobaki kwenye kabati ni dada yake akisema maji ni safi na salama.

"Nenda nyumbani," meneja akasema. "Una msiba. Kiti hiki atakikalia mwingine."

Akatoka na koti lake mkononi. Getini alikaa mlinzi, mzee mpole ambaye kila asubuhi walisalimiana, na pembeni yake redio ndogo juu ya ndoo iliyogeuzwa, na nyuma yake bomba.

"Pole, ndugu yangu," mlinzi akasema, akasimama kabisa. "Nimemsikia dada yako. Maskini. Msiba umemwelemea."

"Alichosema ni kweli, mzee. Usinywe hayo maji. Aliyemkata ni mimi."

Mlinzi akatikisa kichwa kwa upole. "Ulimkata wapi? Siku ile nilikuwa hapa hapa. Hakuna mahali palipokatika."

"Palikatika. Nilingoja pumzi. Alisema kuhusu maji ya bomba, akavuta pumzi, pale kwenye pumzi nikakata. Aliyeendelea ni mwigizaji. Nilimchuja asikike kama yuko kwenye simu." Alikuwa anaeleza haraka, mikono inaenda, sasa anaomba kitu ambacho kwa miaka yote alihakikisha hakuna atakayekipata. "Ukisikiliza vizuri utaujua mshono."

Mlinzi alimsikiliza mpaka mwisho, macho yamejaa huruma, kama mtu anavyomsikiliza aliyefiwa. Ndipo kwenye ile redio ndogo, kipindi kikiwa kimefika mapumziko, ikaingia sauti ya kike, bila ngoma, imetulia, kwenye simu: maji ya bomba ni safi na salama, mimi nayanywa, na wanangu nawapa.

"Si huyo hapo?" mlinzi akasema, akaongeza sauti ya redio. "Msikilize mwenyewe. Si dada yako huyo?"

Akainama bombani akakinga kikombe, akanywa, akakisuuza, akakinga kingine akampa.